Chupa ya Mgeni Inabaki kwa Nani?

Kila mwaka kiangazi kinapofika na barabara zikikauka, jamaa nyingi za hapa kwetu zinaanza kupanga matembezi. Vijana wa kwaya wanataka kuona maporomoko ya Lofoi mu Parke ya Kundelungu. Wafanyakazi wa kompanyi wanapakia watoto mu gari na kwenda Kiubo. Wengine hawana feza ya safari ndefu, wanaenda tu ku mto wa karibu kisha ibada ya siku ya Mungu. Ni jambo zuri. Mtu anayefanya kazi chini ya udongo juma zima, ao mu mavumbi ya makamyo, anahitaji kuona maji na miti, na watoto wake vilevile.

Lakini mwende muangalie ile pahali kesho yake asubui, wageni wakiisha kurudi. Mtaona sashe za maji zimetupwa ku majani. Chupa za sukre ziko mu mawe. Gobele za plastiki, sahani za kutumia mara moja, na ile sashe nyeusi iliyobeba mikate, sasa imekamatwa ku mti sawa ndege aliyekufa. Kundi lilikaa pale saa tano. Takataka yake itakaa mamia ya miaka, kwa maana plastiki haiozi. Inavunjika tu vipande vidogo-vidogo, kisha vidogo zaidi, mpaka jicho halivioni tena.

Tumezoea kusema kwamba utalii ni kazi ya wazungu wenye kofia na aparei ya foto. Hapana. Kila mtu anayeacha nyumba yake kwenda kufurahia pahali pasipo pake, yeye ni mtalii, hata kama alifika na basi ya kanisa akiimba njiani. Kwa hiyo habari hii inatuhusu, na si sisi wa Katanga tu. Kuna inchi ambazo zimehangaika na jambo hili zaidi ya miaka kumi, na zimejifunza kitu ambacho kinaweza kutusaidia sisi mbele hatujaharibu pahali petu.

MGENI ANATUPA KULIKO MWENYEJI

Kwa nini mgeni anaacha takataka nyingi hivi? Si kwamba yeye ni mtu mubaya. Ku nyumba yake anakunywa maji ya mutungi ao ya frigo, anakula mu sahani, anaosha, basi. Akisafiri, anaogopa maji ya pale. Anasema, "Haya maji sijui yametoka wapi, nitaumwa tumbo." Kwa hiyo ananunua chupa. Akiisha kunywa, chupa haina kazi, anaiacha.

Tuhesabu kidogo. Mtu anayepanda mlima Kilimanjaro, ule wa Tanzania wenye urefu wa mita 5,895, anashauriwa kunywa karibu litre 3 za maji kila siku, maana kule juu mwili unakauka upesi. Litre 3 ni chupa ndogo 6. Akitembea siku 6, ni chupa 36 kwa mtu mmoja. Na wapandaji wa mlima ule ni makumi ya maelfu kila mwaka. Sasa hesabu ya kwetu: basi ya vijana 60, kila mmoja chupa ao sashe 3 kwa siku moja, ni 180. Makundi kumi mu kiangazi kimoja ni 1,800, pahali pamoja. Na hapo hatujahesabu sahani wala sashe za chakula.

Hata inchi tajiri zinalemewa. Mwaka wa 2018 shirika la WWF lilieleza kwamba mu bahari ya Mediterania, kule Ulaya ya kusini, takataka za baharini zinaongezeka kwa asilimia 40 mu miezi ya joto, wakati watalii wanajaa ku fukwe. Na wale wako na makamyo ya takataka yanayopita kila asubui! Kijiji cha karibu na maporomoko hakina kamyo hata moja. Wenyeji watafanya nini na chupa 1,800? Wakizichoma, moshi wake ni sumu kwa mapafu ya watoto. Wakizizika, mvua ya kwanza inazifukua. Mgeni alilipa kidogo, ao hakulipa kitu, akarudi mjini. Mwenyeji ndiye anabaki na kazi.

MAJI YANAENDA WAPI

Pale Lofoi maji yanaanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 300. Ni mojawapo ya maporomoko marefu sana ya Afrika, na watu wengi wa Lubumbashi hawajayaona hata mara moja. Mto Lofoi unaingia mu Lufira, ile Lufira yenyewe inayoanguka pale Kiubo. Lufira nayo inashuka mpaka ziwa Kisale, pahali inapokutana na Lualaba. Na Kisale ni wapi? Ni kule wavuvi wanakotoa samaki, zinakaushwa, zinapakiwa mu treni na mu makamyo, kisha mama anazinunua ku soko hapa kwetu na kuzipika pamoja na bukari.

Mnaona ile njia? Sashe iliyotupwa ku jiwe siku ya matembezi haikubaki pale. Mvua ya mwezi wa kumi na moja iliichukua.

Juu ya samaki, si maneno ya kutishana. Watafiti walinunua sangara na sato mu soko la Mwanza, ku ziwa Victoria, wakapasua matumbo yao. Katika kila samaki watano, karibu mmoja alikuwa na vipande vya plastiki ndani. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 2016. Ya Kisale sina hesabu yake, lakini maji ni maji na plastiki ni plastiki. Mbuzi naye anakula sashe yenye harufu ya chumvi ao ya mkate. Inajifunga tumboni, mbuzi anakonda na kufa, mwenyewe anafikiri ni uchawi wa jirani.

KUZUIA KU MLANGO

Sasa tuone wengine walivyofanya. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanajua hadisi ya Rwanda tangu zamani. Sheria yao ya mwaka wa 2008 ilikataza sashe za plastiki, na mwaka wa 2019 wakaongeza sheria nyingine juu ya vitu vya plastiki vya kutumia mara moja. Mtu akifika ku mpaka na sashe, inabaki pale. Mtalii wa Amerika aliyekuja kuona sokwe wa milimani, mama anayevuka na nyanya zake, wote ni sawa mbele ya yule askari. Mara ya kwanza wageni walinung'unika. Leo wengi wanaisifu Kigali kwa usafi wake.

Kenya ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na azabu yake ni kali sana: inaweza kufika miaka 4 ya kifungo ao faini ya shilingi milioni 4. Kisha wakaendelea mbele, na hapa ndipo utalii unaguswa kabisa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 hairuhusiwi kuingiza plastiki ya kutumia mara moja mu parke za taifa, mu pori zinazolindwa wala ku fukwe zinazolindwa: chupa za maji, gobele, sahani, vijiko, mirija. Ulikuwa wakati wa corona, parke zilikuwa karibu tupu, watu wakacheka kwamba sheria imekuja wakati hakuna wa kuifuata. Mimi naona ulikuwa wakati mzuri. Mgeni aliporudi alikuta mlango umekwisha kubadilishwa.

Tanzania nayo ilikataza mifuko ya kubebea ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006. Wafanyabiashara wetu wanaopita Zambia kwenda kuchukua vitu Dar es Salaam wanaijua sheria hiyo. Mama mmoja wa hapa anayefanya ile njia aliniambia, "Pasta, mimi siku hizi nabeba kikapo na kitenge tu, maana kule sashe ni kesi." Kwa watu wa ndege, serikali ya Tanzania ilitangaza mbele ya wakati kwamba wasiweke mifuko ya plastiki mu mizigo yao, na kwamba patakuwa pahali pa kuiacha wakifika.

Lakini kuna kipande kimoja cha tangazo lile ambacho kilinifurahisha, nacho nawaomba mkishike. Vile vifuko vidogo vya kufunga ambavyo msafiri anawekea sabuni na dawa ya meno, hivyo viliruhusiwa. Kwa nini? Kwa sababu ilitazamiwa kwamba vitabaki kwa mwenyewe na kurudi naye kwao. Basi hapo ndipo akili ya jambo hili lote iko. Swali si tu kitu kimefanywa na nini. Swali ni: kitarudi na nani? Kitu kinachorudi na mwenyewe kiingie. Kitu kitakachoachwa kwa mwenyeji kibaki inje.

Ku Kilimanjaro ni vilevile. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa mlimani. Sasa wapandaji wanakunywa nini? Wapagazi wanachota maji ya vijito, mpishi anayachemsha, na kila mtu anajaza chupa yake ngumu ambayo alikuja nayo ao aliyokodi. Zile chupa 36 tulizohesabu zimekuwa chupa mbili, tena zinashuka na mwenyewe. Hakuna mashine kubwa pale. Ni moto, sufuria, na amri ku mlango.

KUSAFISHA KISHA KUCHAFUA

Wengine watasema: "Pasta, waache watu watembee, kisha tutatuma vijana kuokota." Kuokota ni kazi ya heshima. Ila tuangalie ilivyokwenda ku mlima Everest, mu inchi ya Nepal. Mwaka wa 2014 serikali ya kule iliweka sheria: kila kundi la wapandaji liweke rehani ya dola 4,000, na kila mpandaji ashuke na kilo 8 za takataka, ndipo rehani irudishwe. Mnaona, sheria ilionekana ya akili. Lakini watu ni watu. Kilo 8 za takataka ya kambi za chini ni rahisi kupata kuliko kilo 8 za kule juu kabisa, pahali mtu anapumua kwa shida. Rehani ikarudishwa, na kambi za juu zikabaki na hema zilizopasuka, makopo na plastiki. Ndiyo maana pale chini, mu vijiji ambavyo wapandaji wanapita, watawala wa eneo waligeuka na kuanza kukataza plastiki ya kutumia mara moja isiingie kabisa.

Vilevile ku pwani ya Kenya. Pale Lamu, fundi wa majahazi anayeitwa Ali Skanda pamoja na wenzake waliunda jahazi la urefu wa karibu mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika na vipande vya sandali za mpira, sandali karibu 30,000, rangi zote. Linaitwa Flipflopi. Mwanzo wa mwaka wa 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, zaidi ya kilometre 500, likisimama vijijini kufundisha watu. Vijana, kazi ile ni ya ajabu na mimi naipenda. Ila mjue vilevile maana yake: kama fundi anapata ku fukwe sandali za kufunika jahazi zima, basi kuna watu wengi sana waliotupa.

Kuna pahali pengine pale Kenya, panapoitwa Watamu, ambapo wenye hoteli wanachanga feza ili wenyeji walipwe kusafisha pwani, na plastiki iliyookotwa inapelekwa kufanyiwa kazi tena. Hapo nakubali kusafisha, sababu anayepata faida ya mgeni ndiye analipa, na mwenyeji hafanyi kazi bure.

TUSIDANGANYANE

Hapa kwetu sheria iko. Amri ya Serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia sashe na mifuko ya plastiki. Nani anayeifuata? Tokeni inje ya kanisa mutazame. Kule Bukavu takataka za plastiki zinashuka kutoka ziwa Kivu na kuziba barrage ya Ruzizi, mpaka mashine za kuteketeza giza zinasimama na mji unakosa umeme. Amri iliyoandikwa haizuii sashe moja kama hakuna mtu anayesimama ku mlango.

Tena, tusimuonee yule mtoto anayeuza maji ya sashe ku kituo cha basi. Jua ni kali, mteja ana kiu, bomba la mtaa halina maji tangu juzi. Yeye anatafuta feza ya masomo. Ukimnyang'anya ndoo yake bila kumpa njia nyingine, umefukuza masikini na plastiki itapitia mlango mwingine. Ndivyo ilivyo ku mipaka ya Rwanda na ya Kenya, sashe zinafichwa na kuvushwa kwa siri. Mimi siandiki juu yake. Naandika juu yetu tunaokodi basi, tunaochanga feza ya nyama na ya mafuta ya gari. Kwetu hakuna sababu ya lazima.

Na kuna hoteli pia zinazojisifu. Wameondoa mirija, wameweka kibarua ku kitanda cha kusema "tunapenda mazingira", na chumbani mgeni anakuta chupa mbili za maji na vichupa vinne vya shampoo. Kiongozi wa safari anaweza kuuliza mbele ya kulipa: Maji ya kunywa mnatoa mu nini? Takataka yenu inaenda wapi? Mwenye hoteli akiona wateja watatu mfululizo wameuliza hivyo, atanunua filtre.

BASI, SAFARI YA KIANGAZI HIKI

Nimeongea na vijana wa kwetu, tukaona si mambo magumu. Maji: bido tatu za litre 20 zinatosha watu 60 kwa asubui, zilizochemshwa jana yake na kupoa, na kila mtu anakuja na gobele yake ya emaye ao chupa yake ngumu. Kama mnabaki mpaka jioni, chukueni bido sita. Sukre inunuliwe ya chupa za vioo, kasha lirudishwe depo, maana kuna feza ya chupa na hakuna mtu anayetupa feza. Sahani zitoke nyumbani. Wamama watasema kuosha ni kazi. Basi wavulana waoshe, hakuna andiko linalowakataza.

Chakula? Babu zetu hawakuwa na sashe na walisafiri miezi. Chikwanga inakuja imefungwa mu majani tangu zamani. Mihogo, karanga, viazi, mikate mu kikapo na kitambaa safi juu. Na mkifika kijijini, nunueni munkoyo ya wamama wa pale, mu kibuyu ao mu ndoo yao, mkunywe na gobele zenu. Feza inabaki kwa mwenyeji na hakuna chupa inayobaki nyuma.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa kusimamia. La kwanza ni ukaguzi mbele ya basi kuondoka. Mmoja asimame ku mlango wa basi na kikapo kikubwa, sashe zote zibaki pale, zitakutwa siku ya kurudi. Msimweke kijana mpole. Tieni mama mwenye sauti. La pili ni kuhesabu. Kama kuna plastiki iliyoingia kwa lazima, dawa ya mgonjwa ao maziwa ya mtoto, iandikwe ku karatasi na ihesabiwe tena wakati wa kurudi. Vijana wanapenda jambo hili la kuhesabu kuliko nilivyofikiri, sababu linakuwa sawa mchezo: kundi la wasopran na kundi la wabasi, nani atarudi na hesabu kamili.

Na kabla ya kushuka ku maji, muende kumsalimu chifu wa kijiji. Mumuulize anataka wageni wafanye nini na wasifanye nini. Pahali pengi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Makundi ambayo yatatembea mu mwezi wa saba na wa nane, mtuandikie hesabu zenu: watu wangapi, bido ngapi, plastiki ngapi zilizoingia na ngapi zilizotoka. Na ninyi wasomaji wa Bukama na wa ng'ambo ya Kisale, ambao gazeti hili linawafikia na treni likiwa limechelewa miezi miwili, mtuambie nyavu zenu siku hizi zinatoa nini pamoja na samaki.